Dada Anajibu: Unaenda kusoma Ujerumani, ile miezi miwili ya mwanzo umeipangia?

Wapendwa wasomaji, barua safari hii zimekuwa nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, wadogo zetu wamepata admisheni Ujerumani, semista ya baridi inaanza Oktoba mosi, na maswali ni ya pesa, chumba, bima na nini cha kubeba. Kwahiyo leo nimeweka za Ujerumani peke yake, za Uingereza na Uturuki mnivumilie. Mimi masta nilisoma Leipzig na bado naongea na vijana wanaokwenda, na ninachokiona ni kwamba nguvu zote tunazimalizia kwenye viza, pale Umoja House Dar au kule ubalozi wa Nairobi, alafu mtu akishatua ndo anagundua miezi miwili ya mwanzo hakuna aliyeipigia hesabu nyumbani. Na hiyo ndo inayotesa watu, sio masomo.

SWALI: *Shikamoo dada. Niko Mwanza, baba ametuma ile euro 11,904 ya akaunti ya kufungiwa, ya kuonyesha ubalozini kwamba nina hela ya kuishi mwaka mzima, lakini kule inaonekana imefika pungufu, wanasema hawatoi cheti mpaka itimie. Hela imeenda wapi? Na je nikifika nitaweza kuitoa siku hiyo hiyo, maana nyumbani hakuna kilichobaki.*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela haijaibiwa, imekatwa njiani. Pesa ikitoka benki ya kwetu kwenda Ulaya mara nyingi inapitia benki nyingine katikati na kila anayeishika anachukua chake, kwahiyo ukituma 11,904 kamili inaweza kufika pungufu. Mwambie baba aongezee hilo pengo na hii mara ya pili kwenye fomu ya benki achague makato yote alipe anayetuma, alafu azidishe kama euro 50 hadi 100 juu kwa usalama, ikizidi haipotei inabaki kwenye akaunti yako. Na ukumbuke kampuni inayokufungulia akaunti nayo ina ada yake ya kufungua na ya kila mwezi, ile sio sehemu ya 11,904.

Sasa swali lako la pili ndo zito zaidi. Jibu ni hapana, huwezi kuitoa siku unayofika. Hiyo akaunti, kwenye karatasi za ubalozi utaiona imeandikwa Sperrkonto, imefungwa makusudi, unaruhusiwa euro 992 kwa mwezi basi, na hata hiyo ya kwanza haiji mpaka uwe na akaunti ya kawaida ya benki kule Ujerumani. Benki nyingi nazo kukufungulia akaunti zinataka karatasi ya kuonyesha umejiandikisha unapoishi. Na kujiandikisha, ile Anmeldung, sheria inakupa wiki mbili toka uhamie, lakini unahitaji fomu iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Umeona mnyororo ulivyo? Chumba, karatasi ya mwenye nyumba, ofisi ya mji, benki, ndo hela. Kiungo kimoja kikichelewa vyote vinasubiri, na kwenye miji mikubwa kupata miadi tu ya hiyo ofisi inaweza kuchukua wiki kadhaa, kwahiyo miadi itafute kwenye mtandao ukiwa bado Mwanza.

Ndo maana mimi namwambia kila mtu asiende na chini ya euro 1,000 ya pembeni, na kama dipoziti ya chumba hujailipa bado basi 1,500 au zaidi. Najua ni pesa nyingi sana kwa familia iliyoshatoa 11,904, najua, lakini hebu hesabu: kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti, mchango wa semista ambao chuo kinataka kabla ya kukuandikisha, chakula, mto na blanketi. Kama kweli hakuna kilichobaki nyumbani basi kaeni kikao cha familia sasa hivi, sio wiki ya kuondoka. Hiyo pesa igawe, kiasi taslimu na kiasi kwenye kadi ya benki yako ya nyumbani, na kadi uijaribu kabla hujasafiri kuhakikisha inafanya kazi nje maana benki nyingine mpaka uombe wafungue.

Na ukishapata chumba andika jina lako kwenye kisanduku cha barua siku hiyo hiyo. Kule posta anaangalia jina, haangalii namba ya mlango, jina lisipokuwepo barua inarudi ilikotoka, na namba ya siri ya benki, kadi ya bima, namba ya kodi, vyote vinakuja kwa barua.

SWALI: *Salaam alaikum dada yangu. Niko Mombasa, nimepata fleti nzuri sana Munich, picha safi, euro 450 kwa mwezi kila kitu ndani. Mwenye nyumba yuwasema yuko Uingereza kikazi, ataka nitume dipoziti na kodi ya mwezi mmoja kisha aniletee funguo kwa posta. Amenitumia mpaka pasipoti yake. Nitume?*

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yangu. Usitume. Hata senti usitume, na hiyo nakala ya pasipoti isikutulize moyo kwasababu mara nyingi ni ya mtu mwingine aliyetapeliwa kabla yako, na ya kwako ukimtumia itatumika kumpiga anayekuja nyuma yako.

Angalia dalili. Munich ndo mji wa bei mbaya kuliko yote Ujerumani, chumba kimoja tu cha kushea nyumba na wenzio mara nyingi kinapita euro 700, sasa fleti nzima kwa 450 haipo. Mwenye nyumba hayupo nchini, haipo nafasi ya kuiona, funguo zinakuja kwa posta, hela inatangulia. Huo ni utapeli unaojulikana miaka na miaka na unawakuta zaidi wageni ambao hawawezi kwenda kuangalia. Nyumba halali hata kama hujafika, mtu anaweza kupiga simu ya video akazunguka nayo, akakuonyesha dirisha, mtaa, jina kwenye kengele, na kuna mkataba wa kusaini kabla ya pesa. Bora zaidi uwe na mtu wa kwenda kuiona, na hapa vyama vya wanafunzi wa Kiafrika na makanisa na misikiti ya huko inasaidia sana, andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako wakuunganishe.

Kwako wewe ningefanya hivi. Leo hii omba hosteli ya Studierendenwerk ya mji wako, hao ndo wanaosimamia mabweni ya wanafunzi na canteen zao, foleni ni ndefu, miji mingine inaenda miezi mingi, lakini usipoomba hata foleni huingii, na miji kadhaa inakuruhusu kuomba kabla hata ya barua ya mwisho ya chuo. Wakati unasubiri tafuta chumba cha muda, wanafunzi wengi wakienda mafunzo kazini wanapangisha vyumba vyao kwa miezi mitatu minne, vipo kwenye tovuti ya WG-Gesucht. Swali la kwanza kumuuliza mtu yeyote sio bei, muulize kama utaweza kujiandikisha kwenye hiyo anuani. Akisema hapana, tafuta kwingine, kwasababu bila kujiandikisha ule mnyororo niliomwambia mdogo wangu wa Mwanza unakatika mwanzoni kabisa.

Alafu ukiona tangazo la kodi uliza ni kodi baridi au kodi ya moto. Baridi ni chumba kitupu, ya moto imejumlisha maji na kupasha nyumba joto, na umeme na intaneti bado vinaweza kuwa pembeni. Dipoziti kisheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, anayetaka zaidi ya hapo mwambie hapana. Na nyumba ikisema haina fanicha, kule inamaanisha inaweza hata isiwe na jiko wala balbu, kuta tupu. Kisha ukishahamia usishtuke na barua ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, kila nyumba inalipa iwe na TV isiwe nayo, ila ni moja kwa nyumba nzima kwahiyo mnachangia, usikubali kulipa peke yako wakati mko wanne.

SWALI: *Mwanangu habari za kazi. Mimi mama wa Tanga, binti yangu wa mwisho anakwenda huko. Nataka kumfungia unga, dagaa, samli kidogo, maembe na machungwa ya Muheza, na nimemnunulia koti zito. Wanasema begi litapekuliwa, ni kweli?*

JIBU: Shikamoo mama yangu. Habari ni nzuri. Kweli wanaweza kupekua, na kuna vitu vitatupwa na unaweza kupigwa faini juu, kwahiyo tupange pamoja.

Samli isiende mama. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri kuingiza nyama wala kitu chochote cha maziwa kutoka kwetu, hata kidogo, hata kiwe cha kula mwenyewe. Maembe na machungwa nayo hapana, matunda na mboga mbichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani, hayo yanaruhusiwa. Dagaa waliokauka wanaruhusiwa, samaki kwa matumizi yake mwenyewe mwisho ni kilo 20, ila wafunge mara mbili tatu na plastiki ngumu maana harufu ikiingia kwenye nguo ataingia nayo darasani. Asali ruhusa isizidi kilo 2. Viungo vikavu vya pilau, iliki, mdalasini vyote ruhusa, japo mdalasini na iliki ataikuta kwenye maduka ya Waturuki na Wahindi, usimjazie. Unga mama mwekee kilo mbili za kumtoa hamu wiki za mwanzo, basi. Miji mikubwa yote ina maduka ya Waafrika yanayouza unga wa mahindi, ni ghali kidogo lakini upo, na kilo kumi za unga zinakula nafasi ya vitu ambavyo kule hatavipata.

Vitu gani hivyo? Mafuta ya nywele anayotumia, rasta za kusukia kwasababu kusuka kule ni bei ya kuumiza na mpaka umpate msusi, kanga mbili tatu, na dawa zake kama ana ugonjwa wa kudumu, na barua ya daktari. Na kabla hajaondoka apelekwe daktari wa meno na wa macho, akipewa miwani achukue na ya akiba, kwasababu kule bima ya kawaida kwa mtu mzima mara nyingi hailipii miwani.

Koti mama sina la kukuvunja moyo, likiwa halipitishi maji na upepo limemfaa. Ila Oktoba yeye atafika kwenye nyuzi kama kumi hivi, baridi yenyewe inakuja kuanzia Desemba, na kwenye baridi kinachosaidia ni nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine kuliko koti moja zito, maana ndani ya majengo kuna joto. Viatu ndo muhimu, viatu vya kuzuia maji vyenye soli ya kushika, hivyo anunue huko huko. Vingine vyote hata mitumba ya Karume au Memorial Moshi vinapatikana vizuri, makoti yanayokuja kwetu yametoka huko huko.

Na mama, mwambie ukweli kuhusu giza. Desemba kule Berlin jua linachomoza saa mbili na robo asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limeshazama, na watoto wetu wengi hiyo ndo inawapiga kuliko baridi. Awe anatoka nje mchana kila siku, na wewe mpigie. Tofauti ya saa wakati wa baridi ni masaa mawili, kwako saa tatu usiku kwake saa moja, muda mzuri wa kuongea wakati anapika.

SWALI: *Dada mambo vipi. Nina miaka 33, nimepata masta. Bima naona wanafunzi wanasema wanalipa kama euro 140 na kitu kwa mwezi, mimi nimeambiwa sipati hiyo. Kwanini?*

JIBU: Poa kaka. Bei ya wanafunzi kwenye bima za umma, hizi TK, AOK, Barmer na wenzao, inaishia ukifika miaka 30. Baada ya hapo unaweza kujikuta kwenye bima ya kampuni binafsi, na hapa kuwa makini sana, kuna zinazotangazwa kwa euro 30 au 40 ambazo kimsingi ni bima za safari, zinakufaa kuanzia unapotua mpaka unapoandikishwa chuo lakini baadae chuo au idara ya wageni inaweza kuikataa. Kabla hujalipa chochote iandikie imeili ofisi ya wanafunzi wa kigeni uwaulize wanakubali zipi kwa mtu wa umri wako, wana majibu. Na walio chini ya 30 mnaosoma hapa, kuna mtu atawashawishi mchukue ya binafsi kwasababu ni rahisi mwanzoni. Ukishajitoa bima ya umma kwa ajili ya hiyo hurudi tena mpaka umalize hiyo digrii. Msikubali kirahisi.

SWALI: *Shikamoo dada. Niko Mbeya, baba anataka kuuza shamba la parachichi ili nipate hela ya mwaka wa kwanza, mwaka wa pili mimi nimemwambia nitafanya kazi nijilipie mwenyewe. Rafiki yangu aliyeko Hamburg anasema kazi zipo tele. Nataka ushauri wa ukweli.*

JIBU: Marahaba. Nashukuru umeuliza kabla shamba halijauzwa.

Sheria kwanza. Toka Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Ulaya anaruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, au kuhesabiwa kwa masaa, 20 kwa wiki wakati wa vipindi. Kima cha chini toka Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Ukizidisha, masaa 20 ni euro 278 kwa wiki, kwa mwezi unakaribia 1,200 kabla ya makato, na ukivuka kiwango cha mshahara wa kazi ndogo, wanaiita Minijob, wanakata mchango wa pensheni, mpaka 9.3%. Kwenye karatasi inatosha kuishi, na rafiki yako hadanganyi, wapo wanaofanya hivyo.

Sasa angalia mwaka wa kwanza ulivyo. Unafika Oktoba, hujui Kijerumani vizuri, kazi zinazobaki ni maghala, jikoni, usafi, na hata hizo unashindana na wenzako mia waliofika wiki hiyo hiyo. Kama masomo ni uhandisi au udaktari hayo masaa 20 utayatoa kwenye usingizi. Wanaofeli mitihani ya mwanzo ninaowajua wengi wao hawakuwa wazito kichwani, walikuwa wamechoka. Na kuna mtego mmoja naomba uushike, zile kazi za kusambaza chakula ambazo unasajiliwa kama umejiajiri mwenyewe, viza yako ya mwanafunzi haikuruhusu mpaka upate kibali maalum, ukikamatwa na hilo unaharibu kila kitu. Kazi nzuri kuliko zote ni ya msaidizi chuoni, kwenye maabara au maktaba, ile haihesabiwi hata kwenye zile siku 140, lakini inakuja ukishajulikana na walimu, sio mwezi wa kwanza.

Tatizo lingine watu hawaliongelei. Kibali cha kuishi kinakuja kuongezwa, na siku ya kuongeza idara ya wageni inakuuliza tena hela ya kipindi kinachofuata iko wapi. Mkataba wa kazi unaweza kusaidia, salio linasaidia, lakini kama umefika hapo na euro 200 mfukoni na mitihani miwili umefeli, shamba limekwenda na wewe unarudi. Hicho ndo ninachokiogopa kwa baba yako.

Kwahiyo ushauri wangu. Baba asiuze chote. Parachichi linaanza kuzaa baada ya miaka kadhaa na likishaanza linaleta hela kila msimu, hiyo ndo ada yako ya mwaka wa pili inakua pale ardhini, auze sehemu kama lazima. Tafuteni ndugu wa kuchangia mwaka wa kwanza. Kama una ndugu anayeishi Ujerumani mwenye kipato cha kueleweka anaweza kukudhamini rasmi kwenye idara ya wageni ya mji wake badala ya akaunti ya kufungiwa, ila aelewe ni dhamana ya kisheria na inaweza kumfunga mpaka miaka mitano, sio kusaini kwa kukufurahisha. Chagua mji wa bei nafuu, Chemnitz, Magdeburg, Leipzig ukitafuta kwa bidii chumba cha chini ya 400 kinapatikana. Epuka vyuo vya jimbo la Baden-Württemberg kama huna ufadhili, wale toka 2017 wanatoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kila semista, na chuo kikuu cha teknolojia cha Munich nacho kimeanza kutoza ada, wakati vyuo vingi vya umma majimbo mengine hutoi ada zaidi ya mchango wa semista. Na omba ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, wana ofisi Nairobi, tangazo lao la masta hutoka mwaka mmoja kabla, kwahiyo hata ukichelewa mwaka mmoja na shamba lipo, hujapoteza. Mimi ningekuwa dada yako wa kuzaliwa ningekwambia subiri huo mwaka, usome Kijerumani mpaka ngazi ya kati, B1, angalau, alafu uende.

SWALI: *Dada, kuna ejenti hapa Morogoro anataka milioni 5 anihakikishie chuo Ujerumani na viza. Ni kawaida?*

JIBU: Viza hakuna anayeihakikisha zaidi ya ubalozi, akikwambia hivyo tu simama uondoke. Maombi ya vyuo vingi yanapita uni-assist, huduma ya mtandaoni inayokagua maombi kwa niaba ya vyuo, ambayo ni euro 75 ombi la kwanza na 30 kila chuo kinachofuata, vingine unaomba moja kwa moja kwenye tovuti yao bure. Dedilaini ya semista ya baridi vingi ni Julai 15. Kama unachohitaji ni mtu wa kukusaidia kuskani na kujaza fomu mlipe kazi ya kuskani, milioni 5 weka kwenye ile akiba ya miezi ya mwanzo. Na vyeti vyako halisi usimwachie mtu yeyote, hata wiki moja.

Tena jua hili. Zamani viza ikikataliwa ulikuwa unaweza kuuandikia ubalozi barua ya kupinga waangalie upya, toka Julai mosi 2025 huo utaratibu umefutwa, sasa ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin. Maana yake ombi la kwanza liwe limekamilika, barua ya sababu umeiandika mwenyewe, unajua unaenda kusoma nini na kwanini, kwasababu utaulizwa na ejenti hatakuwepo kwenye kiti.

SWALI: *Dada kwenye cheti cha form four nina majina mawili, cheti cha kuzaliwa matatu, pasipoti herufi moja imekosewa. Nimeambiwa sio shida.*

JIBU: Ni shida, rekebisha sasa. Jina linaloongoza kule ni la pasipoti, na chuo, bima, benki wote watalinganisha herufi kwa herufi. Pasipoti yenye kosa irudishe Uhamiaji, cheti cha kuzaliwa ni RITA, na majina yanayotofautiana unaenda kwa wakili kupata hati ya majina iliyosajiliwa, tafsiri na mihuri vije baada ya hapo sio kabla, maana ukitafsiri cheti chenye makosa unalipa mara mbili. Halafu kwenye ndege hivyo vyeti viwe begi la mkononi. Begi kubwa linaweza kubaki Addis au Doha siku tatu, vyeti visibaki nalo.

SWALI: *Dada naenda Septemba natokea Ifakara. Malaria huku tunaumwa sana, nikiumwa nikiwa kule nifanyeje? Na chaja za huku zinafanya kazi?*

JIBU: Hili nalisisitiza kwa wote. Vimelea unaweza kuondoka navyo mwilini na homa ikakukuta wiki kadhaa baada ya kufika, na daktari wa kule asiyejua umetoka wapi atafikiria mafua, ndo msimu wake. Ukipata homa miezi ya mwanzo, au baada ya kila likizo ya nyumbani, nenda siku hiyo hiyo na neno la kwanza kutoka mdomoni liwe umetoka eneo la malaria, unaomba kipimo. Usijitibu na dawa ya mseto uliyobeba begini ukalala chumbani peke yako. Usiku na wikiendi kliniki zikiwa zimefungwa unapiga 116117, ikiwa ni hatari ya maisha ni 112, zote bure. Waambie na wenzako wa nyumba mapema, kwamba wakikuona umelala na homa wapige.

Chaja zako zinafanya, umeme wao ni volti 230 kama wetu, ila matundu yao ni mawili ya duara na plagi zetu ni za miguu mitatu. Nunua adapta mbili Dar kabla ya kuondoka, na ubebe ekstensheni moja ya nyumbani, hiyo unaichomeka kwenye adapta moja na vifaa vyako vidogo vyote, simu na laptopu, vinachaji hapo hapo.